Ndege ya Pemba kwenda Mombasa: mwongozo kamili wa kuchagua ruti mpya

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kaunta ya tiketi, kisha kwenye meza ya ratiba ya shirika dogo la ndege hapa Unguja. Swali nililoulizwa kuliko yote, barazani, harusini, hata kwenye foleni ya urojo Forodhani, ni hili: "Kwani nyie kwa nini hamweki ndege ya Chake kwenda Mombasa moja kwa moja? Mbona watu wapo tele?" Chake ni Chake Chake, mji wa Pemba wenye uwanja wa ndege jirani.

Watu wapo, sibishi. Ila ruti haianzishwi kwa kuwa watu wapo. Inaanzishwa pale ndege uliyonayo itakapoingiza pesa zaidi, kwa saa ile ile, kuliko inavyoingiza mahali ilipo sasa. Abiria ananunua kiti, lakini shirika dogo lina bidhaa moja tu ghalani, nayo ni saa za ndege. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayoonekana ya ajabu kwenye ratiba zetu utayaelewa: kwa nini Dar inapata safari nyingi kwa siku na kisiwa kingine kinapata moja, na kwa nini ruti iliyokuwa inajaa ikafutwa.

Nauandika mwongozo huu kwa anayeanza kazi kwenye shirika dogo, kwa mwenye hoteli anayetaka ndege itue karibu na mlango wake, na kwa yule wa barazani pia. Mfano nitakaoutumia ni huo huo wa Pemba na Mombasa. Tuseme una ndege tatu za Cessna Caravan zinazolala Unguja, kila moja ya viti 12 vya abiria, na hakuna hata moja inayokwenda Mombasa.

Hatua ya 1: Panga saa zako kabla ya kufungua ramani

Kosa la wengi ni kuanza na ramani ya Afrika Mashariki ukutani na kalamu nyekundu mkononi. Anza na karatasi yenye siku moja ya kila ndege, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 1 usiku.

Huku kwetu jua linachomoza saa 12 hivi na kuzama saa 12 na kitu, mwaka mzima, tofauti ni dakika tu. Ndege ndogo ya injini moja hupangiwa kazi zake mchana, kwa hiyo siku yako ya mauzo ni kama saa 12. Toa muda wa kupandisha na kushusha abiria, muda wa kujaza mafuta, muda wa rubani kupumzika kama sheria inavyotaka. Ukifikisha saa 7 au 8 za injini kuwaka kweli, umefanya vizuri.

Sasa tia alama pale ndege inapokaa tu kwenye lami. Kwetu shimo lilikuwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 7 mchana. Wafanyabiashara na wafanyakazi wameshakwenda Dar alfajiri, na watalii wanaoshuka kwenye ndege kubwa pale Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, bado hawajafika. Ndege mbili zinachomwa na jua bure. Hapo ndipo ruti mpya inapozaliwa, kama itazaliwa. Ruti inayohitaji ndege saa 1 asubuhi inamnyang'anya mtu wa Dar, na mtu wa Dar ndiye anayelipa mishahara.

Hatua ya 2: Hesabu watu bandarini

Takwimu za mifumo ya kukata tiketi duniani zinakusaidia ukiwa London. Hazimwoni mtu wa Konde anayetoka usiku kuwahi boti, anavuka mpaka Unguja au Tanga, anapanda basi, anagongewa muhuri Horohoro na Lungalunga, na kufika Mombasa akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hazimwoni pia anayevuka na chombo kidogo kuelekea Shimoni, pwani ya Kenya. Hao ndio soko lako, na hakuna kompyuta inayowajua.

Kwa hiyo nenda bandari za Pemba, Mkoani na Wete, nenda na bandari ya Malindi hapa mjini Unguja, ukae. Siku saba zisizo za sikukuu, kisha siku saba za kuelekea Idi. Hesabu kwa mkono. Na ukiongea na watu, usiulize "Je, ikiwepo ndege utapanda?" Niliwahi kuuliza hivyo watu zaidi ya hamsini, wote wakaniambia ndiyo, wengine wakaniombea dua. Mtu wa Pemba ana adabu, hatakuvunja moyo usoni. Tulipoanza kuuza tiketi za ruti niliyowauliza, niliowaona tena ni wa kuhesabu kwa vidole.

Uliza mambo yaliyokwisha kutokea:

- Mara ya mwisho ulikwenda lini, na kabla ya hapo lini?
- Ulitumia shilingi ngapi tangu mlangoni kwako mpaka mlangoni kule, pamoja na chakula, bodaboda na usiku wa kulala njiani?
- Nani alilipa?
- Ulibeba mzigo gani?

Swali la tatu ndilo lenye siri. Anayelipiwa na ofisi, na mradi, au na mwanawe aliyeko Muscat, hanung'uniki kama anayelipa kutoka mfukoni. Mgonjwa anayekwenda hospitali hatazami nauli kwanza, anatazama kama kuna kiti kesho. Anayekwenda harusini anatazama nauli, na anakuja na watu sita.

Kuhusu Mombasa, ujamaa wa pande mbili ni wa zamani na ni mkubwa. Wapemba wamejaa pwani ya Kenya kwa vizazi, hasa Kilifi na Kwale, na mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi kuwa moja ya makabila ya nchi hiyo. Maana yake kwa mtu wa ratiba ni kwamba watu walioishi miaka mingi bila karatasi sasa wanaweza kupata kitambulisho na pasi, na mwenye pasi anaweza kukata tiketi. Soko la namna hiyo hulioni kwenye takwimu za kabla ya hapo, kwa sababu wakati huo halikuwa na ruhusa ya kusafiri.

Hatua ya 3: Jua uwanja unamhudumia nani

Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 543,441 Pemba. Usiichukue namba hiyo ukaigawa kwa viti. Uwanja uko jirani na Chake Chake, katikati ya kisiwa. Mtu wa Mkoani ana bandari chini ya nyumba yake, na boti za Unguja zinashusha hapo hapo. Kumtoa huyo apande gari kilomita 30 hivi kwenda uwanjani ni kazi. Mtu wa Wete au Micheweni naye yuko mbali na Mkoani na mbali na uwanja, kwa hiyo akishaingia kwenye gari hajali sana kama linampeleka Mkoani au uwanjani. Huyo ndiye wa kumwendea, na duka la wakala wa tiketi liwekwe Wete kabla ya Mkoani.

Hatua ya 4: Soma mwaka wote, si mwezi mmoja

Pemba ina kalenda tatu zinazopishana, na ruti lazima iishi ndani ya zote.

Ya kwanza ni ya watalii. Julai mpaka Oktoba wamejaa, Desemba mpaka Februari wamejaa, kisha masika yanaingia Machi na hoteli nyingi za ufukweni zinapunguza wafanyakazi au zinafunga kabisa Aprili na Mei. Mafundi wanaipenda miezi hiyo, ndipo ndege zinapoingia karakana kwa matengenezo makubwa.

Ya pili ni ya karafuu. Mwaka wa mavuno mazuri, pesa inatembea Pemba kuanzia katikati ya mwaka, na pesa ikitembea watu nao hutembea. Nyumba zinaezekwa, posa zinapelekwa, wagonjwa waliokuwa wakisubiri wanapelekwa hospitali. Karafuu hazizai sawasawa kila mwaka, kwa hiyo ukipima soko mwaka wa neema utajidanganya. (Na mzigo mmoja usiutie kwenye mahesabu ya ruti ya Mombasa: karafuu zenyewe. Zinauzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na magendo ya kuzivusha kwenda Kenya ni hadithi ya zamani. Forodha watafungua kila boksi, na ndege yako itachelewa.)

Ya tatu ni ya mwezi mwandamo, na hii ndiyo inayowatesa wageni wa kazi hii. Kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Mwezi wa Ramadhani mchana ni kimya. Siku tano kabla ya Idi kila mtu anarudi kwao, viti vinatafutwa kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Mgeni anaona ndege zimejaa, anatoa macho, anataka kuongeza ruti. Asichokiona ni kwamba ndege inayojaa kwenda Chake inarudi Unguja na mtu mmoja na mfuko wa barua. Viti 12 kwenda na kiti 1 kurudi ni wastani wa nusu na kidogo, na kwa nusu huli. Wiki ya pili baada ya Idi inageuka, kurudi kumejaa na kwenda ni kutupu. Kwenye karatasi yako, andika kila upande peke yake. Ukijumlisha pande mbili umejifumba macho.

Hatua ya 5: Ndege yako inaweza kuondoka pale ikiwa imejaa?

Njia ya kurukia ya Pemba kwa miaka mingi imekuwa na urefu wa kilomita moja na nusu hivi. Kwa Caravan hiyo ni nafasi ya kucheza mpira. ATR 72 inayobeba watu wapatao 70 inahitaji kama mita 1,300 ikiwa imejaa, kwa hali ya hewa ya kwenye vitabu. Ongeza joto letu la Februari, ongeza lami yenye maji, na mita zinaongezeka mpaka unaanza kupunguza abiria au mafuta. Boeing 737 hata usiitaje. Unguja, yenye njia ya kilomita 3, ni habari nyingine.

Kwa ndege ndogo kikwazo ni uzito, na hapa nataka twende taratibu.

Caravan 208B ya kawaida hairuhusiwi kuondoka ikiwa na zaidi ya kilo 3,969. Tuseme ndege tupu, na rubani ndani, ni kilo 2,350. Zimebaki 1,619. Chake mpaka Mombasa ni kama kilomita 137 kwa mstari ulionyooka, dakika 40 ukihesabu kuwasha injini mpaka kuzima. Kama hutaki kununua mafuta kule, unabeba ya kwenda na kurudi. Injini hii inakula kwa makisio kilo 180 kwa saa, hivyo dakika 80 ni kilo 240. Tia na ya akiba, ya kukupeleka uwanja mwingine pakiwa na dhoruba, kilo 180. Jumla 420. Zimebaki kilo 1,199.

Abiria 12 wa kilo 80, kila mmoja na mzigo wa kilo 15, ni kilo 1,140. Umebakiwa na kilo 59. Inatosha? Inatosha kwa watalii wanaotoka mbugani Arusha na mikoba yao laini. Haitoshi kwa safari ya ndugu wanaotembeleana.

Ndiyo maana tunawapima watu. Siku moja nikiwa zamu Chake alikuja bibi mmoja, baibui jipya, mkoba begani, na nyuma yake kijana kabeba boksi limefungwa kamba ya katani.

"Shikamoo bibi. Panda hapa kwenye mizani, na mkoba wako."

"Marahaba mwanangu. Kwani mwatupima kama karafuu?"

Akapanda, akavua viatu kwanza, nami sikuweza kumwambia viatu navyo vinaruka. Boksi lilikuwa kilo 31: halua, samaki wakavu, na nguo za mtoto atakayezaliwa Dar. Nyuma yake walikuwa wengine kumi, wote na maboksi. Siku ile ndege iliondoka na watu 10, wawili wakangoja ya jioni, na maboksi manne yakafuata kesho yake. Kwenye ripoti ya mwezi safari ile ilisomeka ina viti viwili vitupu, na bwana mmoja wa hesabu akauliza kwa nini hatujazi. Tulikuwa tumejaa mpaka juu.

Kwa hiyo kwenye hesabu ya ruti ya ndugu usitumie viti 12. Tumia 10, na mzigo wa ziada uutoze pesa waziwazi tangu kwenye tangazo, usimshtukize mtu uwanjani.

Hatua ya 6: Hesabu yenyewe

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Nazifanya kwa viti 12 ili zifuatike, kisha wewe punguza.

Tuseme saa moja ya Caravan, ukijumlisha kila kitu (mafuta, rubani, bima, kodi ya kukodi ndege, akiba ya kufumua injini na kuitengeneza upya, ofisi, mpaka chai ya wafagizi) ni shilingi milioni 2.4. Akiba ya injini usiisahau: injini za aina hii kwa kawaida hufumuliwa baada ya saa 3,600, na bili yake haina huruma.

Chake–Mombasa kwenda na kurudi, dakika 80, ni milioni 3.2. Ada za kutua, za kuongozwa angani na za watoa huduma uwanjani, tuseme laki 6. Jumla milioni 3.8. Nauli inayobaki mkononi mwako baada ya kodi na ada za serikali, tuseme 220,000 kwa upande mmoja. Gawanya: unahitaji abiria 18 kati ya viti 24 vya kwenda na kurudi ili usipate wala usikose. Wakiwa 19, umepata 380,000.

Mtu wa barazani anasimama hapa: faida ipo, weka ndege. Ngoja kwanza.

Ndege hiyo hiyo ikienda Dar na kurudi inatumia dakika 50. Gharama milioni 2, ada laki 2, jumla milioni 2.2. Abiria 19 kwa 130,000 ni milioni 2.47. Faida 270,000. Kwa safari moja Mombasa inaonekana bora. Lakini gawanya kwa muda: Dar inakupa 324,000 kwa saa, Mombasa inakupa 285,000. Ukiichukua ndege ya Dar yenye abiria ukaipeleka Mombasa, umepoteza pesa ukiwa unatabasamu.

Sasa rudi kwenye karatasi ya hatua ya 1. Ndege iliyolala juani saa 4 mpaka saa 7 haimnyang'anyi mtu wa Dar chochote. Bima imeshalipwa, rubani yupo, ofisi ipo. Kinachoongezeka ni mafuta, akiba ya injini, matairi na ada. Tuseme hayo ni milioni 1.9 katika ile 3.8. Hapo abiria 9 tu kwa pande mbili wanakutoa kwenye hasara, na kila anayezidi anakuletea kitu. Ruti ile ile, ndege ile ile, saa tofauti: moja inahitaji watu 18, nyingine watu 9.

Tahadhari, maana nimeona mashirika yakiumia hapa. Huwezi kuita kila saa "saa ya bure". Lazima ziwepo saa zinazobeba bima, mishahara na kodi. Ukishakuwa na ruti tatu za bei ya saa za bure, ndege zako hazipumziki, injini zinaisha haraka, na akaunti benki iko vile vile.

Halafu angalia bei anayoiona abiria, siyo unayoiona wewe. Mombasa ni nje ya nchi. Ada ya huduma ya abiria kwa safari ya nje hutozwa kwa dola na ni kubwa kuliko ya ndani, wala haiangalii kama umeruka dakika 40 au saa 8. Kwa anayekwenda Doha ni tone. Kwa anayekwenda Mombasa inaweza kuwa ndiyo inayomrudisha kwenye boti.

Hatua ya 7: Sasa fungua ramani

Chukua uzi, uunyooshe kutoka Kisauni mpaka uwanja wa Moi, Mombasa. Ni kama kilomita 245. Kisha uupitishe Chake: Unguja–Pemba 125, Pemba–Mombasa 137, jumla 262. Tofauti ni kilomita 17. Pemba iko karibu kabisa na njia!

Hilo linabadilisha swali. Badala ya "je, Pemba peke yake inaweza kuijaza ndege ya Mombasa?" unauliza "je, ndege ya Unguja–Mombasa ikisimama Chake, inapoteza nini?" Inapoteza kutua kumoja, dakika 25 hivi, na uvumilivu wa abiria wa Unguja. Inapata watu wa Unguja–Pemba, wa Pemba–Mombasa na wa Unguja–Mombasa, masoko matatu kwa ndege moja, na Unguja–Pemba tayari unaijua. Kwa maoni yangu, kwa ndege ya viti 12, ruti nyingi nzuri za visiwani zinapatikana hivi, kwa kurefusha ruti iliyopo. Kuchomoa mpya kutoka hewani kuna gharama zake.

Ubaya wake nao useme: kiti kimoja hakiuzwi mara mbili. Ukimuuzia mtu wa Unguja–Mombasa, umeziba kiti cha mtu wa Chake. Weka idadi ya viti vya Chake pembeni mpaka siku tatu kabla ya safari, kisha viachie.

Hatua ya 8: Vibali, na anza mapema

Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo leseni unaiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Viwanja vyetu vinaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Ni milango miwili, gonga yote.

Ruti ya ndani ina njia fupi: leseni ya safari za ratiba, cheti chako cha uendeshaji kiwe kinaihusu ndege hiyo na uwanja huo, bima, basi. Ruti ya nje ni nchi mbili. Kuna mkataba wa usafiri wa anga kati ya Tanzania na Kenya, na serikali yako ndiyo inayokuteua kuutumia, kisha Kenya inakukubali. Upepo wa siasa ukivuma, wewe mdogo utapeperushwa ukiwa hujafanya lolote. Januari 2024 TCAA ilitangaza kuzisimamisha safari za abiria za Kenya Airways kuja Tanzania, kwa sababu Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania haki ya kubeba mizigo kati ya Nairobi na nchi ya tatu. Jambo lilimalizwa upesi kwa mazungumzo, ila kila mwenye ruti ya kuvuka mpaka alilala macho wazi siku zile.

Na kwa Chake kuna swali ambalo huwa linaua mpango mzima: Uhamiaji, Forodha na watu wa afya watakuwepo uwanjani saa ndege inapoondoka na inaporudi? Ndege haiwezi kumtoa mtu nchini bila muhuri. Wakikosekana, abiria wako wa Pemba anapanda ndege kwenda kusini mpaka Unguja, anagongewa muhuri, kisha anaruka kurudi kaskazini. Kilomita 370 badala ya 137, na kukiwa kweupe anakiona kisiwa chake kupitia dirishani kwa mara ya pili siku hiyo. Kaeni na maofisa kabla hujachapisha ratiba, uwape siku na saa kamili. Safari mbili kwa wiki, siku zisizobadilika, wanaweza kuzipangia zamu. Safari ya "kila siku kutegemea abiria" hawawezi.

Hatua ya 9: Jaribu kwa ndege ya kukodi

Kabla ya kutangaza ruti, fanya safari tatu au nne za kukodi. Wiki moja ya kawaida kabisa, wiki moja ya harusi baada ya Idi, na wiki moja ya msimu wa watalii. Gharama yake ni ndogo kuliko kufunga ruti baada ya miezi miwili huku jina lako likitajwa kwenye kila baraza. Andika nani alilipa siku ngapi kabla, kwa simu au kwa wakala, na nani aliahirisha. Watu wanaolipa wiki mbili kabla wanakuruhusu kupanga. Wanaokuja na noti mkononi asubuhi ile ile wanakuacha gizani.

Wakati huo huo tafuta wa kubeba hasara nawe. Hoteli za kaskazini ya Pemba, upande wa Kigomasha, zinaishi kwa wageni wanaofika. Mwambie mwenye hoteli: nunua viti 3 kila safari kwa miezi mitatu, vikae wageni wako au vikae hewa. Akikubali, wale abiria 9 tayari wamepungua. Akikwepa, na yeye ndiye aliyekuwa akipiga simu kila wiki kudai ndege, umeshapata jibu lako bila kuchoma mafuta.

Hatua ya 10: Ratiba, na siku ya kuamua

Ratiba ya ruti mpya ifungamane na kitu kingine. Mtalii anatua Unguja mchana. Akikosa ndege ya Chake kabla ya jua kuzama, analala mjini na usiku mmoja wa hoteli ya Pemba umepotea. Ndugu wa Mombasa anataka afike kabla ya saa 10 jioni ili awahi matatu ya kwenda Kilifi. Chagua mmoja kati ya hao wawili. Ukitaka kuwaridhisha wote utapata saa isiyomfaa yeyote.

Uuzaji sitauongelea sana. Malipo ya simu yakubalike, namba ya WhatsApp ijibiwe na mtu, si mashine, na tangazo la redio lisomwe kwa lafudhi ya huku.

Siku ya kwanza ya safari iwe tayari na karatasi imesainiwa na mkubwa wa kampuni, ikisema ruti itapimwa lini na kwa kipimo gani. Kwa ruti yenye kalenda tatu kama zetu, miezi sita ndiyo angalau, na isiwe ile inayoanzia Machi. Andika vitu vitatu: pesa kwa saa ya ndege, abiria wa kila upande peke yake, na wangapi wamehamia kutoka kwenye ruti zako nyingine. Hilo la mwisho linasahauliwa. Kama watu 6 wa Mombasa ni wale wale waliokuwa wakipita Unguja kwa ndege zako, hujapata abiria, umewahamisha kiti.

Isainiwe mapema kwa sababu baadaye kuna aibu. Ruti ikishakuwa na picha ya waziri akikata utepe, hakuna anayetaka kuwa yeye wa kuifuta, na inaendelea kula saa za Dar mwaka mzima.

Ikibidi kufunga, toa taarifa mwezi mmoja kabla, rudisha pesa kwa njia ile ile mtu aliyolipia, na usifunge wiki ya kabla ya Idi. Waliokata tiketi kwa wakala wa Wete wapigie simu mmoja mmoja. Mimi niliwahi kupewa kazi hiyo, majina 43 kwenye daftari, na wa mwisho kwenye orodha alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ile ya Jumanne ya Unguja bado ipo?" Ilikuwepo. Nikamwandikia kiti.